Mmea wa Amazoni na Dawa za Chumba cha Upasuaji

Leo tutasafiri hadi msitu wa Amazoni, Amerika ya Kusini, kisha turudi hospitalini. Wengi wenu huogopa dawa ya usingizi kuliko kisu chenyewe, na mengi ya hofu hiyo yanafafanuliwa na mmea mmoja unaoparamia miti.

Wataalamu huuita Chondrodendron tomentosum. Huota chini gizani, na ukishapata mti mkubwa wa kujishikiza hupanda hadi mita 30 kutafuta jua. Shina lake ni gumu kama mti. Majani ni mapana, yana umbo la moyo, na upande wa chini yana vinyweleo laini vyeupe. Hiyo ndiyo maana ya jina tomentosum. Maua ni madogo sana, tena kama ilivyo kwa mipapai yetu, kuna mmea dume na mmea jike.

Wawindaji wa huko huchemsha maganda na shina, mara nyingi pamoja na mimea mingine, mpaka ipatikane lami nyeusi iitwayo kurare. Huipaka kwenye vijishale vya kupuliza. Tumbili akichomwa, misuli hulegea, anaachia tawi, anaanguka. Nyama yake huliwa bila madhara, kwa kuwa kurare ikipitia tumboni haiingii kwenye damu kwa urahisi. Msiifananishe na sumu ya msunguti wa huku kwetu. Ile ya msunguti hushambulia moyo. Kurare huuacha moyo ukipiga, ila hukata ujumbe kati ya mshipa wa fahamu na msuli. Kope hulegea mapema, kisha shingo na viungo, na mwishowe msuli mpana ulio chini ya mapafu. Hapo pumzi hukoma.

Mwaka 1814 huko London, Charles Waterton na wenzake walimdunga punda sumu ya aina hiyo, iliyotoka Guiana na kutengenezwa kwa mmea mwingine wa kuparamia. Punda alianguka kama mfu. Wakampasua bomba la pumzi, wakampulizia hewa kwa mvukuto kwa saa kadhaa, naye akasimama! Akaishi miaka mingine 25. Kwa maoni yangu punda huyo alitufundisha mengi kuliko maprofesa wengi: mgonjwa akipumuliwa, sumu huisha mwilini na yeye akabaki hai.

Tarehe 23 Januari 1942, huko Montreal, Kanada, Harold Griffith na Enid Johnson walimpa mgonjwa wa upasuaji dawa iliyotokana na kurare. Tumbo lililegea vizuri bila kuhitaji kumlaza kwa usingizi mzito wa hatari.

Lakini je, kurare yenyewe hulaza? Daktari Scott Smith wa Marekani alikubali kudungwa nyingi, huku wenzake wakimpumulisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1947. Hakuweza kutikisa hata kope, lakini alisikia na kufahamu kila kitu. Kwa hiyo dawa ya kulegeza misuli si dawa ya usingizi wala ya maumivu. Mgonjwa hupewa zote, kila moja kwa kazi yake, na ndiyo sababu mtaalamu wa usingizi hukaa kichwani pako tangu mwanzo hadi mwisho.

Siku hizi dawa ya mmea wenyewe haitumiki tena. Mahali pake pana nyingine zilizotengenezwa maabara, kama atrakuriamu na rokuroniamu, zinazofanya kazi kwa njia ile ile.

Sasa wewe unayesubiri upasuaji. Ukiambiwa usile kwa muda wa saa 6, usile, hata chai ya maziwa usinywe. Mwili ukilegea, koo halijilindi. Chakula hupanda na kuingia mapafuni. Usimfichie mtoto andazi kwa huruma. Kuhusu maji matupu, fuata ulivyoelekezwa.

Pili, sema dawa zote unazotumia, na za kienyeji pia. Kurare ina ndugu hapa Kenya, Cissampelos pareira, mmea mwembamba unaotambaa ambao wengine huchemsha mizizi yake kwa maumivu ya tumbo. Hatusemi utakuua. Tunasema muuguzi ajue, wala usione haya.

Tatu, kama kuna ndugu wa damu aliyechelewa sana kupumua mwenyewe baada ya upasuaji, taja hilo kabla hujaingia. Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kitu kinachovunja dawa moja ya kulegeza misuli, suksamethoniamu, na jambo hilo hurithiwa. Daktari akijua mapema, atachagua dawa nyingine.

Wiki ijayo tutazungumzia kidonda baada ya upasuaji. Kwaherini.