Kuosha Injini ya Motokaa kwa Maji ya Nguvu



Nimetakiwa niseme machache juu ya mashini ya kuoshea motokaa, ambayo siku hizi imeenea hata kando ya njia zetu za shamba. Mimi si fundi, ni karani tu; lakini gari la kazi yetu liko katika daftari langu, na mwaka jana lililala siku tatu kwa kuoshwa vibaya, hata mama mmoja mja mzito akachukuliwa kwa baiskeli. Ndiyo sababu nalijifunza habari hii.

Fahamuni kwanza nguvu yake. Mashini ndogo husukuma maji kwa nguvu ipitayo ile ya bomba la nyumbani mara 20 au 30. Maji hayo huingia pasipoingia mvua: katika viungo vya nyaya na katika visima vya plagi.

Basi injini na ipoe kabisa, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi ghafula huweza kupasuka. Ikiisha kupoa, fungueni waya wa hasi wa betri. Kisha funikeni kwa mifuko ya nailoni altaneta, plagi, kisanduku cha fyuzi, mdomo wa kuvutia hewa, na kile kisanduku cha akili ya injini, ambacho bei yake humtoa mtu machozi.

Grisi huondolewa kwa sabuni yake, si kwa nguvu ya maji. Pakeni, mngoje dakika 5 au 10 bila kuiacha ikauke, msugue kwa brashi. Wako watumiao petroli. Hao wanacheza na moto, kwa kuwa mvuke wake hushika kwa cheche moja. Ndipo maji yaje, kwa mdomo utawanyao kama upepeo, wala si ule utoao maji kama sindano; tena simameni mbali kadiri ya hatua moja.

Sasa neno nilitakalo mno. Kijana mmoja, naliyemwona kwa macho yangu, alizibua mdomo wa bomba kwa kidole, na mashini inanguruma. Likatokea tundu dogo kama la mwiba, damu kidogo tu, naye akacheka. Jioni mkono ulikuwa umevimba hata kiwiko. Kidole kile leo hana. Maji hupenya ngozi, yakasambaa nyamani pamoja na sabuni na uchafu, na dawa yake ni kupasuliwa upesi. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje maumivu, na daktari aambiwe wazi kwamba ni maji ya mashini.

Mkiisha kuosha, ondoeni mifuko, futeni, mwache boneti wazi juani mpaka pakauke, ndipo mrudishe waya wa betri. Injini ikikohoa, tazameni visima vya plagi kama mna maji.

Limebaki jambo la wazee. Mahali pa kuoshea pawe mbali na kijito na kisima, maana yale maji meusi yana mafuta, na walio chini ya mto ndio watakaoyateka.