Dawa ya Mti Nayo Ipimwe

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma, Ndama, Wilaya ya Karagwe)



Kila mwalimu aliyepata kufundisha darasa la kwanza anayajua mapunye. Mtoto huja shuleni kichwa kikiwa na mabaka ya mviringo, nywele zimekatika, na wenzake wanamcheka. Kesho yake haji. Mama yake amekwisha kuponda majani na kumpaka, kwa kuwa bibi yake alifanya hivyo, na kwa kuwa majani hayana bei. Je, mama huyo tumcheke au tumsifu?

Nasema tusifanye lolote kati ya hayo kabla ya kupima.

Wako wasomi wanaodhani kila dawa ya mti ni ushirikina. Hiyo ni kasumba. Marhamu ya Whitfield, iliyotibu choa kwa miaka mingi, ina asidi mbili: moja ilijulikana kwanza kutokana na utomvu wa mti, na nyingine jina lake latokana na mti wa Ulaya. Griseofulvini, dawa ya kumeza, ilipatikana mwaka 1939 kutokana na ukungu. Nchini Ufilipino majani ya mti uitwao kitaalamu Senna alata yamo katika orodha ya dawa kumi za miti ambazo Wizara ya Afya ya huko iliwahimiza wananchi kuzitumia.

Sisi nasi hatukulala. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili pale Muhimbili. Mwaka 2002 ilitungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na hapa mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mwaka 1983, watafiti waliwaendea waganga wa Bukoba Vijijini, na mwaka 2007 wakachapisha orodha ya miti wanayotumia kutibu magonjwa nyemelezi, yakiwamo ya ngozi na utando mweupe wa kinywani.

Lakini wako pia wanaodhani kuwa kila kitokacho porini hakina madhara. Hilo nalo ni kosa. Kitunguu saumu huua fangasi. Lakini kikifungwa kibichi juu ya ngozi, huiunguza. Majani yaliyolowekwa katika maji hayatoi kitu kilekile yanachotoa yakilowekwa katika spiriti. Na maji ya jani yakiua fangasi katika kisahani cha maabara, bado hatujui yatafanya nini juu ya ngozi ya mtoto.

Mapunye yana jambo la zaidi. Fangasi wake huingia ndani ya unywele wenyewe. Kwa hiyo dawa ya kupaka peke yake, iwe ya jani au ya dukani, haitoshi. Mtoto hana budi kumeza dawa kwa wiki kadhaa, kwa maagizo ya mganga wa zahanati. Choa kidogo cha mwilini ndicho hutii dawa ya kupaka.

Basi wajibu wetu ni nini? Mwalimu asimfukuze mtoto. Amwite mzazi, amwelekeze zahanati, na awaambie watoto wasiazimane vitana, kofia wala wembe. Akishaanza matibabu, mtoto arudi darasani. Mganga wa jadi ajiandikishe kwa mujibu wa sheria, na anapoona kichwa kimetunga usaha, asichelewe kumtuma mgonjwa hospitali. Nasi tunaojua kalamu tuwasikilize wazee, tuandike jina la mti, sehemu itumikayo na namna ya kuitayarisha, kwa ridhaa yao na bila kuwapokonya haki yao. Mzee akifariki, na kichaka kikifyekwa, hakuna maabara itakayotuambia tulichopoteza.

Kujitegemea si kukataa dawa ya wengine. Ni kuijua yetu kwa hakika, na kukiri mahali inapokoma.