Mlango wa Monasteri ya Mokoto
(Maneno yaliyosemwa siku ya Yubilei ya Parokia)



Mmetuomba tueleze tuliyoyaona Mokoto, katika milima ya Masisi, wakati njia ilipokuwa wazi. Kabla ya kuondoka tulidhani tutakuta monasteri kama zile za picha za Ulaya, zenye nguzo ndefu na matao ya mawe yaliyochongoka juu. Mokoto haina umri huo. Wamonaki Watrapista walitoka Scourmont, huko Ubelgiji, wakaianzisha mwaka 1954 karibu ya maziwa yake. Lakini sheria wanayoifuata ni ya kale kuliko matao hayo yote: ndiyo Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6. Watu wakiwa bado wamelala, wao huamka kusali. Mchana hufanya kazi ya mikono. Tena Kanuni hiyo yawaamuru wampokee kila mgeni kama Kristu mwenyewe.

Amri hiyo ina gharama. Mwezi wa Mei 1996, Watutsi waliofukuzwa vijijini mwao walikuwa wamekimbilia kwa wamonaki. Wenye silaha wakaja, wakawaua wengi ndani ya kanisa. Wamonaki wakalazimika kuhama, wakakaa Keshero, mjini Goma. Baada ya miaka wakarudi Mokoto, wakaanza tena kusali na kujenga.

Tuliposimama pale tulikumbuka kwetu. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin huko Baraka, na Padri Giovanni Didonè na Abé Albert Joubert huko Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa wenye heri. Twawaimbia kwa furaha, na ni haki. Lakini waliouawa Mokoto walikuwa wageni waliobisha hodi tu. Hao nani atawaimbia?

Ndugu wapendwa, ni nani kati yetu ambaye hakukimbia vita, au hakumpokea aliyekimbia? Na tunayajua maneno yanayosemwa mgeni akigeuza mgongo: huyu si wa kabila letu. Katika Maandiko, yubilei ni mwaka wa kumrudisha mtu kwao na kumwacha huru. Basi, tukitaka ukumbusho utakaodumu kuliko mawe, mlango wa kanisa hili, na wa kila nyumba yetu, usimwulize mtu kabila lake.

Bwana awalinde wamonaki wa Mokoto, awape raha ya milele waliouawa kule, nasi atupe moyo wa kufungua. Amina.