Fistula ya Mkono, Usukani na Kiti cha Daladala

Mgonjwa wa figo anayeandaliwa kusafishwa damu kwa mashine hufanyiwa kwanza upasuaji mdogo wa mkono. Daktari huunga ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo kwa kasi, na vena, mshipa unaoirudisha taratibu, ili ile vena itanuke na kuta zake ziwe nene kiasi cha kustahimili sindano mbili kila mgonjwa anapokaa kwenye mashine. Muungano huo ndio fistula ya mkono. Madaktari wa New York, wakiwemo Michael Brescia na James Cimino, waliueleza mwaka 1966, na mpaka leo ndio unaopendelewa, kwa sababu hudumu miaka na huingiwa na vijidudu mara chache kuliko katheta, mrija unaoingizwa shingoni. Kasoro yake ni kwamba hukomaa polepole: wiki sita, mara nyingine miezi kadhaa. Katika muda huo mgonjwa hakai kitandani. Anakwenda kliniki, kazini na sokoni, na wengi tayari wanasafishwa damu kupitia katheta mara mbili au tatu kwa wiki. Usafiri basi ni jambo la kupangwa kabla ya upasuaji, ingawa kwa kawaida hukumbukwa mgonjwa akiwa getini anatafuta gari la kumrudisha nyumbani.

Siku ya kwanza haina mjadala. Mara nyingi mkono mzima hutiwa ganzi kwa sindano ya kwapani au karibu na mtulinga, na ganzi hiyo huweza kudumu saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Mkono wenye ganzi hubanwa na mlango wa gari, au huungua kwenye bomba la moshi la pikipiki, mwenyewe asijue. Aliyepewa dawa ya kumsinziza haendeshi kwa saa 24, hata akijiona yuko sawa. Anayefaa kumchukua ni ndugu au jirani mwenye gari.

Kuanzia hapo wagonjwa huuliza wasubiri siku ngapi kabla ya kuendesha gari, na majibu hutofautiana: wengine huambiwa siku chache, wengine wiki mbili au zaidi. Jibu la kweli limo katika kazi ambayo mkono huo unaweza kuifanya. Dereva akae ndani ya gari lililozimwa, azungushe mikono yake kana kwamba anakata kona kali kulia na kushoto, avute breki ya mkono, aigize kumkwepa mtoto aliyekatiza barabara. Ikiwa anasita kwa maumivu, au vidole vina baridi na ganzi, muda haujafika. Dawa kali za maumivu kama tramadol nazo humzuia, kwa kuwa huleta usingizi na kizunguzungu. Na neno la mwisho ni la daktari aliyepasua, kwani ndiye anayejua mshono umekaaje.

Upande wa mkono una uzito kuliko inavyodhaniwa. Madaktari hupendelea mkono usiotumika sana, na kwa watu wengi huo ni wa kushoto. Sasa, Tanzania, Kenya na Uganda usukani uko kulia, na mkono wa kushoto ndio wa gia. Katika foleni ya Dar es Salaam au Nairobi gari la gia za mkono huudai mkono huo kila baada ya hatua chache, na breki ya mkono kwa kawaida iko upande huohuo. Gari la otomatiki hupunguza adha hiyo sana. Mwenye pikipiki ana hali ngumu zaidi: klachi iko kushoto, mtikisiko wa barabara unapanda moja kwa moja hadi kwenye kifundo cha mkono, na kuanguka mara moja kunaweza kuumaliza muungano wote. Dereva wa bajaji hubonyeza klachi na kuzungusha gia kwa mkono wa kushoto, kutwa nzima. Kwa watu hawa mkono ni riziki, hivyo kazi yao ingestahili kuandikwa kwenye faili kabla ya daktari kuchagua upande.

Mwenye katheta ana suala lake la mkanda. Katheta huwekwa aghalabu upande wa kulia wa shingo na kifua, na mkanda wa dereva wa gari la usukani wa kulia hushukia bega lilelile. Mkanda usivuliwe kwa sababu hiyo. La busara ni kuwa abiria. Kiti cha mbele kushoto kina mkanda unaopita bega la kushoto, mbali na katheta. Kitambaa laini huweza kuwekwa chini ya mkanda usisugue, mradi mkanda ubaki umekaza.

Walio wengi, hata hivyo, hawana gari. Kwenye daladala na matatu hatari ya kwanza ni konda mwenye nia njema anayemvuta abiria kwa mkono apande upesi. Mkono wenye fistula hautolewi kwake, haushiki bomba la juu, wala hautundikwi mfuko wa sokoni kwenye kiwiko. Mwenye fistula ya kushoto akipata kiti cha dirishani upande wa kushoto, mkono huo unakuwa mbali na msukumano wa njiani. Kwa safari ndefu ya basi, kiwiko kisikunjwe kwa saa nyingi, na abiria asisinzie ameulalia mkono huo. Saa na mkono wa shati unaobana navyo viachwe nyumbani.

Fistula iliyo hai hutetema chini ya kidole, kama simu iliyowekwa kimya inapoita. Mtetemo huo hupimwa kila siku, na ni vyema kuupima tena baada ya safari yenye misukosuko. Ukipotea, damu huenda imeganda, na saa za kuiokoa fistula ni chache: mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo. Ikivuja damu njiani, mahali panapotoka damu pakandamizwe kwa vidole na kitambaa safi, mkono uinuliwe, na gari lielekee hospitali iliyo karibu, hata kama si ile anayotibiwa.

Fistula ikishakomaa na kidonda kimepona, uendeshaji hurudi kuwa wa kawaida kwa wengi. Kinachobaki ni safari ya kurudi kutoka kwenye mashine. Baada ya saa nne za kusafishwa damu shinikizo la damu huweza kushuka, misuli ikakaza, na mahali pa sindano pakavuja tena kwa sababu ya dawa ya kuzuia damu isigande. Wanaojiendesha hukaa kwanza mpaka kizunguzungu kiishe na bandeji ibaki kavu. Wale ambao shinikizo lao hushuka mara kwa mara huendeshwa.