Kinyozi Asinyamaze

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo hutumiwa sana katika mambo ya nyumba na ya nchi, lakini unafaa pia kwa kichwa cha mwanadamu.

Katika mitaa ya jiji la Bujumbura, kama vile Mutanga Sud, mwanafunzi, mfanyakazi wa ofisini na askari aliye mapumzikoni huketi kwenye kiti kimoja cha kinyozi. Wote hutafuta unadhifu. Wachache hutambua kwamba kinyozi na msusi ndio watu wanaokitazama kisogo chao kwa makini kila mara. Mwenye kichwa hakioni, na daktari hufuatwa wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Ndugu wasikilizaji, mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na huo si ugonjwa. Lakini msusi aonapo nywele za kandokando ya paji la uso zimepungua, na vipele vimetokea kwenye mashina, hana budi kufahamu kwamba misuko imekazwa mno. Ikilegezwa mapema, nywele huota tena. Ikiachwa kwa miaka, mizizi hufa, wala hakuna mafuta yatakayoifufua. Kinyozi naye aonapo mabaka yenye magamba, hasa kichwani mwa mtoto, yafaa ashuku mapunye. Maradhi hayo huambukiza, na hutibiwa kwa dawa ya kumeza, kwani dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi wa unywele.

Jambo hili linawahusu hasa wanajeshi na polisi. Kunyoa mara kwa mara hadi kwenye ngozi, pamoja na msuguano wa kola na kofia, huweza kuchochea vipele vigumu kisogoni. Vikipuuzwa, hugeuka makovu manene yasiyoota nywele kamwe. Aliyeanza kuviona na aache kunyoa kwa wembe, asivitumbue, na aende zahanati. Aidha, mashine moja ikizungushwa kikosi kizima bila kusafishwa, maradhi ya mmoja huwa ya wote.

Kwa bahati mbaya, wapo vinyozi wanaonyamaza kwa kuogopa kumpoteza mteja. Wapo pia wanaojigeuza waganga na kuuza chupa za dawa zisizojulikana. Wote wawili hukosea. Kazi ya kinyozi ni kuona, kumwambia mwenyewe kwa faragha na kwa heshima, na kumwelekeza kwa mganga. Na mwenye kuambiwa asione haya wala asikasirike, kwani mficha uchi hazai.

Kila askari anajua kwamba mlinzi aliyemwona adui akanyamaza amelisaliti lindo lake. Kinyozi naye yuko lindoni. Aonapo dalili, na aseme. Na aliyeambiwa, asikie mapema.