Unga Mweupe Juu ya Mawe Mapya: Si Fangasi, Wala Si Wizi wa Saruji

(Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi, mafundi na vikundi vya vijana)



Nimepewa nafasi nizungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini limekwisha kuwagombanisha watu waliokuwa wakisalimiana vizuri. Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni habari, na ninayoyasema nimeyakusanya kwa kuwauliza wanaojua ujenzi na kwa kuyatazama kwa macho yangu.

Katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, kikundi cha vijana kilitandaza mawe bapa mbele ya nyumba ya mzee mmoja. Kazi ilipendeza. Mvua za kwanza zilipokatika, mawe yakaota unga mweupe. Mzee akasema vijana wameiba saruji, akazuia fedha iliyobaki. Vijana nao, kwa kutaka kuokoa jina lao, wakanunua dawa ya kung'arisha na kuzuia maji, wakaipaka mawe yakiwa bado na unyevu. Baada ya majuma machache weupe ukawa umenaswa chini ya dawa, na safari hii haukufutika. Mzee alipoteza uwanja wake, vijana wakapoteza malipo na fedha ya dawa. Pande zote mbili hazikuwa na nia mbaya. Zilichokosa ni maarifa.

Ndugu wananchi, wengi wetu huuita weupe huo fangasi. Si fangasi, ni chumvi. Saruji inapokutana na maji na kukauka hutoa chokaa kidogo. Mchanga usiooshwa, udongo wa chini na hata mbolea iliyorundikwa pembeni navyo vina chumvi zake. Maji huziyeyusha chumvi hizo, hupanda nazo kupitia kwenye viungo na vitundu vya jiwe, kisha jua huyakausha maji na kuziacha chumvi juu. Chokaa ikikutana na hewa hugeuka kuwa utando mgumu zaidi.

Kuitambua ni rahisi. Nyunyiza maji kidogo mahali penye weupe. Ukitoweka pakiwa pabichi na kurudi pakikauka, hiyo ni chumvi. Kuvu na ukungu havitoweki kwa maji, na mara nyingi huwa na rangi ya kijani au nyeusi na utelezi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba ni hili: unga mweupe katika miezi ya mwanzo si ushahidi wa wizi. Hata kazi iliyofanywa kwa uaminifu yaweza kuutoa. Kwa kawaida hupungua wenyewe kadiri chumvi inavyokwisha. Lakini ukiendelea kurudi mwaka hadi mwaka, hapo pana maji yanayoingia bila kukoma, na tiba yake ni kuyaondoa maji hayo.

Tufanyeje basi unapojitokeza? Tuanze na ufagio mgumu, mawe yakiwa makavu kabisa, na unga unaofagiliwa tuuzoe na kuutupa mbali. Watu wengi hukimbilia kumwaga maji kila asubuhi. Maji hayo huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, na kesho inapanda tena. Tukilazimika kuosha, tuoshe mara moja na kuacha pakauke.

Utando mgumu usiotoka kwa ufagio waweza kulainishwa kwa siki iliyozimuliwa kwa maji. Kwanza jaribu kwenye jiwe moja la pembeni. Lowesha mawe kwa maji safi, paka siki, sugua, kisha suuza vizuri. Usiitumie kwenye mawe ya chokaa wala marumaru, kwa kuwa huyala. Tena nawasihi sana: msitumie maji ya betri. Yanachoma ngozi na macho, na yanakula saruji ya viungo. Wala asidi yoyote, hata siki, isichanganywe na dawa ya klorini ya kufulia, kwa sababu hutoa hewa ya sumu.

Sasa nije kwenye dawa ya kuzuia maji. Zipo za aina mbili. Moja hupenya ndani ya jiwe, ikazuia maji ya mvua lakini ikaruhusu mvuke kutoka. Nyingine hufanya ngozi inayong'aa juu ya jiwe. Hii ya pili ndiyo huvutia macho dukani, na ndiyo yenye hatari zaidi kwa mawe yaliyolazwa juu ya ardhi yenye unyevu. Chumvi ikikosa njia ya kutokea hugandia ndani ya vitundu, na ikiganda husukuma na kuumegua uso wa jiwe. Ndugu zetu wa Zanzibar wanalifahamu jambo hili. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta za kale za mawe na chokaa zilizopigwa lipu ya saruji zimenasa unyevu na kuharibika. Ukuta uliozoea kupumua ulizibwa pumzi.

Kabla ya kununua dawa, dondosha tone la maji juu ya jiwe. Likikaa juu bila kulitia jiwe weusi, jiwe hilo halihitaji dawa. Mawe mengi magumu ya milima yetu ya Ngara ni ya namna hiyo. Likinywewa upesi, dawa yaweza kufaa. Hapo bandika kipande cha nailoni juu ya jiwe, ukizibe kingo zote, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake, unyevu bado upo na dawa isubiri.

Kalenda yetu inatusaidia. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi kizuri cha kutandaza. Mvua zitakazofuata zitaitoa chumvi. Ifagieni kila jua linapopatikana, na kama dawa inahitajika, ipakwe kiangazi kinachofuata. Anayewaambia mpake juma lile lile anauza dawa, halindi mawe.

Nawaomba pia tukumbuke kwamba viwanja vyetu ni zaidi ya mapambo. Tunaanikia maharage, muhogo na kahawa. Mahali pa kuanikia chakula pasipakwe dawa ya namna hii hata kidogo, na mazao yawekwe juu ya chanja au turubai safi.

Kinga bora huanzia chini. Mawe yalale juu ya kokoto iliyoshindiliwa vizuri, si juu ya udongo mtupu. Mchanga uwe safi: utie kwenye chupa ya maji, utikise, uache utulie. Tope likiwa tabaka nene juu yake, uoshwe kwanza. Saruji isizidishiwe maji, kwani mfuko wa kilo 50 hautaki zaidi ya lita 25 hivi, ukihesabu na maji yaliyomo mchangani. Uwanja uwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita 1, kuelekea mbali na nyumba, na maji ya paa yapelekwe kwenye mfereji. Samadi na mbolea visirundikwe juu ya mawe. Boma la Wajerumani pale Biharamulo lilijengwa kwa mawe kabla dawa hizi hazijakuwapo duniani, na bado lipo.

Mwisho, ndugu zangu, tuandikiane. Sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachonyimwa malipo kwa sababu ya unga mweupe hushindwa kurejesha, na kikundi kingine kinachosubiri hukosa. Basi katika makubaliano iandikwe wazi kwamba weupe waweza kutokea. Kwamba fundi atarudi kufagia baada ya mvua za kwanza. Na kwamba sehemu ndogo ya malipo, iliyokubaliwa mapema, itabaki mpaka siku hiyo. Mtendaji wa kijiji awe shahidi.

Mzee yule na vijana wale wangekuwa na karatasi moja tu ya namna hiyo, na subira ya kiangazi kimoja, leo wangekuwa bado wanaketi pamoja juu ya mawe yale.