Lisbon Iliamua, Ruvuma Ikalipa

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, Ureno haikujitangaza kuwa vitani, wala haikusema rasmi kwamba haimo. Uingereza, mshirika wake tangu karne ya 14, ndiyo iliyotaka ikae hivyo. Agosti mwaka huohuo Wajerumani walikishambulia kituo cha Wareno cha Maziúa, kando ya Mto Ruvuma, mpaka wa Msumbiji ya Wareno na koloni la Wajerumani, na bado Lisbon haikutangaza vita.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya meli. Februari 1916, kwa ombi la Waingereza waliokuwa na uhaba wa vyombo vya shehena, serikali ya waziri mkuu Afonso Costa ilizikamata meli za Kijerumani zilizojihifadhi katika bandari za Ureno. Machi 9 Ujerumani ikaitangazia vita. Nakataa kuamini kwamba ni bahati mbaya tu. Jamhuri ile changa, iliyozaliwa 1910, ilitamani heshima mbele ya mataifa makubwa, na ilihofia kupoteza makoloni yake.

Aprili wanajeshi wa Ureno wakaingia Kionga, kipande cha ardhi cha Wajerumani kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Oktoba wakavuka mto wakafika Newala, Novemba Wajerumani wakawatimua. Kisha, Novemba 25, 1917, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akavuka mto na askari wake pale Ngomano, akaiteka kambi ya Wareno pamoja na bunduki, risasi na chakula, akazunguka ndani ya Msumbiji kwa miezi kumi hivi.

Na mizigo ya majeshi hayo ilibebwa na nani? Wapagazi. Vijana walikamatwa vijijini wakatwishwa masanduku ya risasi, wakatembezwa porini wakiwa na njaa, malaria na kuhara damu. Maghala ya nafaka yalikombwa na kila jeshi lililopita. Katika bonde la Zambezi, watu wa Barue walichoshwa na kukamatwa huko, wakainua silaha dhidi ya Wareno mwaka 1917.

Vita vilipokwisha Ureno ikapewa Kionga. Hiyo si fidia ya kijiji hata kimoja kilichoachwa bila vijana na bila mbegu, na hakuna mwanakijiji aliyeulizwa kama anavitaka vita hivyo.

Msikilizaji wa Newala, wa Mtwara, wa ng'ambo ya Ruvuma: kama wazee wako walikuachia jina la mpagazi wa vita vile, liandike, na uwasomee wanao.